Chumvi Katika Vitalu vya Mwakio

Kwa miaka ishirini na sita Harrison Mwakio alikuwa mlinzi wa lango katika shamba moja la mkonge upande wa Mwatate, na miaka hiyo yote alilipwa kwa kazi moja tu, kutomwamini mtu. Mfanyakazi akitoka jioni, Mwakio alimpapasa mifuko, akamfungulia kikapu, akamwaga chai iliyobaki kwenye thamosi ili aone kama kuna kitu kimelala ndani. Hakubagua. Aliyempita kimya alimpekua, na aliyemsalimia vizuri alimpekua mara mbili.

Alijisifu kwamba hajawahi kukosea. Hilo halikuwa kweli. Alikuwepo kijana mmoja, Donald, aliyefukuzwa kazi kwa kisu cha kukatia mkonge ambacho Mwakio alisema kimeibwa, na baada ya wiki mbili kisu kikaonekana stoo, nyuma ya magunia. Donald alikuwa amesharudi kwao Taveta. Mwakio alikiandika kisu kile kwenye daftari kuwa kimepatikana, akalifunga daftari, na hakumwambia mtu neno.

Alipostaafu alirudi kwao, chini ya mlima wa Sagalla, kwa mkewe Loise na nusu ekari ya udongo mwekundu. Mtu aliyezoea kusimama siku nzima hawezi kuanza kukaa kwenye kiti kwa sababu tu amepewa barua ya kuagwa. Mwakio aliamua kuotesha miche ya nyanya, sukuma wiki na vitunguu, ili mvua za Novemba zikifika majirani wapate ya kupanda bila kwenda Voi mjini. Wazo lilikuwa zuri, na mikono yake haikuwa na uvivu. Alizungusha ua wa seng'enge, akatundika makopo matupu kwenye waya ili mtu akiugusa tu asikike, kisha akalima matuta manne yaliyonyooka kama yamepigwa rula.

Jirani yake wa upande wa chini aliitwa Nduku. Alikuwa Mkamba wa upande wa Kibwezi, ameolewa hapo tangu usichana, na sasa alikuwa mjane anayeishi kwa shamba lake la nyanya. Loise alipofanyiwa upasuaji mwaka juzi, Nduku ndiye aliyempikia uji wiki tatu. Lakini uji ulikuwa umepikwa na kunywewa, na Mwakio hakuwa mtu wa kuweka wema kwenye kumbukumbu. Alichokumbuka ni kwamba shamba la Nduku liko chini yake, na kwamba kila kitu kinachomtoka yeye kinateremka kwenda kwa Nduku.

Maji ya pale ni shida. Kijiji kina kisima kimoja kirefu chenye pampu ya sola, na kila nyumba ina zamu yake kwenye kioski cha maji. Kwa hiyo Mwakio alipotengeneza matuta yake, mwezi wa nane, alifanya jambo aliloliona la akili sana. Aliufukua udongo kiasi cha shubiri moja, akatandika nailoni nzito chini, kisha akaurudisha udongo juu yake, ili hata tone moja la maji lisipotee.

Nduku alikuwa akipita na ndoo. Akasimama kwenye ua.

"Baba Daisy, hiyo karatasi ya nailoni umeitoboa?"

"Niitoboe maji yaende wapi?"

"Yashuke."

"Yashuke yaje kwako?" Mwakio akacheka. "Mama Mutua, wewe ni mjanja. Unataka nikunyweshee nyanya kwa zamu yangu!"

Nduku naye akacheka, lakini si kwa muda mrefu. "Haya mzee. Mimi nimesema tu. Maji ya hapa si ya kufungia mahali pamoja. Na hiyo miche midogo ungeipa ya mvua, ukiwa nayo."

"Ya mvua ninywe mimi, ya kisima inywe miche. Hapo kuna shida gani?"

Nduku akabeba ndoo yake akaenda. Mwakio akabaki akiyageuzageuza yale maneno. Hakujiuliza kama ni ya kweli. Alijiuliza yatamfaa nani, na alipoona kwamba yangeweza kumfaa Nduku, akayatupa. Huo ndio mlango ambao kosa lake liliingilia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua, kwa sababu onyo halipotezi ukweli wake hata anayelitoa akiwa na faida ndani yake.

Miche iliota vizuri. Mwakio aliimwagilia mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kidogo kidogo kwa keni ya kumwagilia, akizunguka matuta kama alivyozoea kuzunguka ghala. Jua la Oktoba likawa linakausha juu kabla hajafika tuta la nne. Yeye akaona ni bidii.

Asubuhi moja akakuta weupe kwenye tuta la kwanza. Ulikuwa mwembamba, kama unga uliopepetwa vibaya. Akachuchumaa, akachovya kidole, akalamba.

"Loise! Loise, njoo uone!"

Loise akatoka na mwiko mkononi. "Unalamba udongo? Na uzee huu wote?"

"Lamba na wewe."

"Mimi silambi udongo, Baba Daisy. Mimi nilizaa watoto wangu nikamaliza."

"Ni chumvi. Mtu amenimwagia chumvi."

Loise akatazama matuta, akatazama ua, akatazama makopo yaliyotundikwa kimya. "Nani apoteze chumvi yake kwa vimiche?"

Mwakio akainama kutafuta alama. Alikuwa ameshaanza kazi yake ya zamani.

Kufikia mchana alikuwa na mambo matatu. Nje ya ua, upande wa chini, kulikuwa na alama za akala, zile ndara za tairi, na Nduku alivaa akala. Kwenye jaa la Nduku kulikuwa na mfuko mtupu wa chumvi ya mifugo. Tena wiki iliyopita alikuwa amemwona kwa macho yake, ameinama pale pale uani, akasema anamfuata kuku wake. Kila jambo lilikuwa na maelezo mepesi. Nduku alikuwa na mbuzi, na mbuzi hulambishwa chumvi. Alikuwa na kuku, na kuku hawajui mpaka. Njia ya kwenda kioski ilipita hapo hapo uani, na nusu ya kijiji walivaa akala. Lakini Mwakio aliyapanga yale mambo matatu kwa mstari mmoja, na yakitazamwa kwa mstari yalifanana sana na ukweli.

Jioni alichukua majivu ya jikoni akayanyunyiza kuzunguka ua wote, ili atakayekanyaga aache alama. Kulipokucha majivu yalikuwa kama alivyoyaacha. Hakukuwa na unyayo hata wa paka. Na weupe ulikuwa umeongezeka, umefika tuta la tatu, na majani ya nyanya yameanza kuungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Mtu mwingine angesema, kama hakuna aliyeingia, basi hakuna aliyeleta. Mwakio alisema, "Kumbe anairusha kutoka nje! Huyu mwanamke ni hatari kuliko nilivyodhani."

"Airushe mpaka katikati, na isianguke hata punje moja kwenye majivu?" Loise akauliza. "Na mimea yangu ya mboga hapa mlangoni, mbona hajairushia? Mimi naimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele na haina kitu."

"Wewe alikupikia uji, ndiyo maana huoni."

"Na wewe hukupikiwa, ndiyo maana unaona mpaka visivyokuwepo." Loise akaingia ndani. Siku hiyo hakumpelekea chai shambani.

Mwakio akamwendea mwenyekiti wa kamati ya maji, Obadiah, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisema polepole kana kwamba kila neno linaandikwa ubaoni. Kamati ilikuwa na kanuni moja kali. Mtu akishtakiwa kwa kuharibu shamba la mwenzake, zamu yake ya kumwagilia husimamishwa hadi kesi isikizwe, naye hupewa mitungi miwili ya kunywa na kupikia tu. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya watu wawili kukatiana mipira ya maji mwaka wa ukame, na ilikuwa imetuliza mengi. Lakini ilihitaji shahidi.

"Harrison," Obadiah akasema, "umemwona akimwaga hiyo chumvi?"

"Mwenyekiti, alama zake ziko pale."

"Sikuulizi alama. Nakuuliza, umemwona?"

Hapo Mwakio alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa wazi. Akamfikiria Nduku na mfuko wa chumvi na kuku wake, akasema, "Nimemwona. Ameinama kwenye ua wangu."

Kila neno lilikuwa kweli, na jibu lote lilikuwa uongo. Obadiah akaandika.

Ilikuwa Jumatatu. Jioni hiyo hiyo Nduku alifika kioski na mpira wake, akaambiwa zamu yake imesimamishwa mpaka Ijumaa. Hakupiga kelele. Alisimama na mpira begani, akauliza nani kamshtaki, akaambiwa. Akasema, "Baba Daisy? Huyu wa hapa juu?" Kisha akajaza mitungi miwili na kurudi nyumbani.

Nyanya zake zilikuwa zimetoa maua. Anayejua nyanya anajua wakati huo. Mmea wenye maua ukirukwa siku yake ya maji kwenye jua la tambarare ya Voi hauwi na subira. Tangi lake la mvua lilikuwa limebaki maji ya chini tu, nayo alikuwa akiyatunzia miche. Jumanne majani yalilegea adhuhuri na kuinuka jioni. Jumatano hayakuinuka. Alhamisi Mwakio akiwa kwenye matuta yake aliona maua ya manjano yametapakaa chini kwenye mistari ya Nduku, na Nduku amesimama katikati, mikono kiunoni, haokoti, hafanyi chochote. Mwakio akageuza uso. Akajiambia kwamba mwenye hatia lazima aonje. Kisha akachukua keni, akamwagilia miche yake mara ya tatu siku hiyo. Miche mingi ilikuwa imelala.

Ijumaa saa kumi kamati ilikuja kwenye shamba la Mwakio, watu sita, na nyuma yao wengine kumi na tano waliokuja kutazama. Mwakio alikuwa amevaa koti. Akaeleza habari ya akala, mfuko, na kuinama. Akaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza kwa meneja.

Obadiah akamgeukia Nduku. "Mama Mutua, sema."

"Sina la kusema, Mwenyekiti. Mama Daisy, niletee sufuria yako iliyo safi kabisa, na jiko lenye moto."

Watu wakatazamana. Loise akaingia jikoni. Akaleta sufuria akaifuta mbele yao kwa kanga yake. Nduku akamtuma Sammy, mwenye bodaboda, achote maji kioski kwa mtungi wake mwenyewe, asije mtu akasema ameyatia kitu. Akayamimina kwenye sufuria, akayaweka motoni, akaketi juu ya jiwe.

"Tunapika nini?" Sammy akauliza.

"Ushahidi," Nduku akasema.

Wakangoja. Maji yakachemka, yakapungua, yakaongezwa mengine, yakapungua tena. Watu wakazungumza habari za ndovu walioonekana upande wa reli, na za harusi ya mtoto wa jirani yao Carolyne. Mwakio hakuondoa macho kwenye ile sufuria. Alianza kukumbuka kwamba birika lao la chai lina gamba jeupe ndani, na kila mwezi Loise hulikwangua kwa kijiko. Birika la kila nyumba pale liko hivyo. Alikuwa ameliona gamba lile maisha yake yote na hakuwahi kuuliza limetoka wapi.

Maji yalipokauka, Nduku akaiepua sufuria akaipeleka kwa Obadiah. Chini kulikuwa na weupe mwembamba, kama unga uliopepetwa. Obadiah akachovya kidole, akaonja.

"Chumvichumvi," akasema.

"Maji ya kisima chetu," Nduku akasema. "Sote twayajua. Yakishuka chini na chumvi yake, mmea hauna neno. Mimi namwagilia mara moja kwa siku tatu, jioni, kwa wingi, mpaka yazame, halafu nafunika kwa nyasi. Sasa nipeni jembe."

Akaenda kwenye tuta la kwanza, akalichimba pembeni, akaishika ncha ya nailoni akaivuta. Udongo wa chini ulikuwa tope jeusi linalonuka, na mizizi ya miche ilikuwa ya hudhurungi, imeoza.

"Hii karatasi nani ameiweka?"

Kila mtu alijua. Kisha Sammy akashindwa kujizuia. "Kumbe mwizi alikuwa anaingia na keni! Mara tatu kwa siku! Na mzee mwenyewe anamfungulia lango!"

Kicheko kikapita watu wote isipokuwa Nduku, Loise na Mwakio mwenyewe. Obadiah akanyanyua mkono.

"Harrison. Mimi nilikuuliza kama umemwona, ukasema ndiyo. Ulimwona akifanya nini?"

Makopo kwenye waya yakatikisika kidogo kwa upepo. Mwakio akavua kofia.

"Alikuwa anafuata kuku," akasema.

"Siku gani?"

"Wiki moja kabla ya chumvi."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kosa la nailoni ni kosa la mtu asiyejua, na kila mkulima aliyesimama pale alikuwa amewahi kufanya la aina hiyo. Wapo waliopanda mahindi mapema mno, wapo waliotia samadi mbichi wakaunguza mboga. Hayo watu husimuliana na kucheka. Lakini neno alilomwambia Obadiah lilikuwa kosa la mtu anayejua. Lingezuilika kwa pumzi moja. Mwakio akamkumbuka ghafla Donald na kisu chake kilichokuwa nyuma ya magunia.

Kamati ikakaa pembeni dakika chache. Zamu ya Nduku ikarudishwa saa ile ile. Na kwa kuwa alikosa maji siku nne kwa neno la uongo, zamu nne za Mwakio zingeenda kwake, na Mwakio angeyabeba mwenyewe maji hayo kutoka kioski. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya watu wanaokubaliwa kuwa mashahidi.

"Na maua?" Loise akauliza kwa sauti. "Mmepanga habari ya zamu. Maua yaliyoanguka nani atayarudisha?"

Obadiah akamtazama. "Mama Daisy, hilo halimo kwenye uwezo wa kamati."

Watu walipotawanyika Mwakio alimfuata Nduku mpaka njiani. "Mama Mutua. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Nduku hakusimama. "Nilikwambia mwezi wa nane, Baba Daisy. Nilisimama pale nikakwambia. Ungeniambia hutaki, ningeenda zangu. Lakini wewe ulinipekua."

"Ndiyo."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe, jua litatupata."

Kesho yake Mwakio alifika saa kumi na mbili kasorobo, akiwa na mitungi miwili kwenye mkokoteni. Shamba la Nduku halijawahi kuwa na zaidi ya lango la miti lililoegeshwa tu, ambalo mbuzi mwenye nia angelisukuma. Asubuhi hiyo lilikuwa na mnyororo na kufuli mpya, yenye kung'aa, karatasi ya dukani bado imebaki kwenye pete yake.

Nduku akaja na ufunguo, akafungua bila salamu ndefu. Akamwonyesha mstari wa kuanzia. Mwakio akainamisha mtungi, akamwagia mmea wa kwanza, akasogea kwenye wa pili.

"Rudi. Hujamaliza huo."

"Nimemwagia."

"Umelowesha juu. Mwaga mpaka yazame. Halafu ngoja. Halafu tena."

Alitaka kuuliza kwa nini amwage mara mbili mahali pamoja, na ni maji mangapi, na kama Nduku alikuwa akimchosha makusudi. Maswali yote matatu yalifika mdomoni. Akayameza, akarudi kwenye mmea wa kwanza. Akamwaga. Akangoja maji yashuke. Akamwaga tena.

Alifanya hivyo siku nne. Baadhi ya mimea iliinuka ikatoa maua mengine machache. Mingi haikutoa. Siku ya nne, alipomaliza mstari wa mwisho, alisukuma mkokoteni mtupu mpaka nje ya lango, akasimama akitumaini kwamba Nduku angesema neno lolote. Nduku alimwambia asante ya maji. Kisha akavuta lango, akaupitisha mnyororo, akafunga kufuli, akaivuta mara moja kuhakikisha, na kurudi kwenye nyanya zake.